Namna ya kuirekebisha programu ya kupangia kazi ya kompyuta ya mezani ili itumike kwa vidole kwenye kishikwambi

Anayeipeleka programu ya kupangia kazi kwenye kishikwambi kwa mara ya kwanza aghalabu huanza kwa kukuza vitufe na herufi, kisha akadhani kuwa shughuli imekwisha. Anachopata ni programu ileile ya mezani iliyovimba: kila kitu kinaonekana, lakini nusu ya mambo yaliyokuwa yakifanyika kwa wepesi hayafanyiki tena. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya programu ya mezani haikuwa imechorwa kwenye skrini hata kidogo. Ilijificha katika kitufe cha kulia cha kipanya, katika kielekezi kinachopita juu ya kitu bila kukibofya, na katika Shift na Ctrl. Kidole hakina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo kazi halisi ya mrekebishaji ni kulitafutia makao mapya kila jambo lililokuwa likifanywa bila kuonekana. Ukubwa wa vitufe huja baadaye, na kwa kulinganisha ni jambo jepesi.

Mwongozo huu unamlenga mtayarishaji au msanifu ambaye tayari ana programu inayofanya kazi vizuri kwenye kompyuta, iwe imeandikwa kwa teknolojia ya wavuti au kwa zana za mfumo wenyewe.

Orodhesha kwanza yaliyofichika

Kabla ya kugusa mstari wowote wa msimbo, fungua programu kwenye kompyuta na upitie shughuli za siku ya kawaida: kuongeza kazi, kuibadilisha jina, kusogeza tarehe ya mwisho, kuihamishia kwenye mradi mwingine, kuitia alama ya kukamilika, kuahirisha, kuandika maelezo, kutafuta, na kuchagua kazi kumi kwa pamoja ili kuzihamisha. Kwa kila tendo, andika linavyofanyika kwa kipanya, linavyofanyika kwa kibodi, na kama kuna alama yoyote kwenye skrini inayomwonyesha mtumiaji kwamba tendo hilo linawezekana. Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani, kwa sababu pale inapokuwa tupu ndipo kishikwambi kitakapokwama.

Kisha panga matendo hayo kwa kadiri yanavyotumika. Yale yanayofanyika mara nyingi kwa siku, yaani kuongeza, kukamilisha, kubadilisha tarehe na kupanga upya, yapewe mahali pa wazi panapofikiwa kwa mguso mmoja. Yanayofanyika mara moja kwa wiki yanaweza kukaa ndani ya menyu. Yanayofanyika mara moja kwa mwaka, kama vile kuingiza data kutoka kwenye faili la zamani au kubuni ripoti, yabaki kwenye kompyuta, na pasiwe na haya katika kuyaacha huko. Programu ya kishikwambi inayojaribu kubeba kila kipengele cha mezani huishia kuvificha vile vinne vinavyohitajika kila saa.

Maelezo yaliyokuwa yakijitokeza kielekezi kinapopita juu ya kazi yana njia mbili tu: ama yaonyeshwe wakati wote kwa ufupi, mathalani alama ndogo inayoashiria kuwa kazi ina maelezo, ama yahamie kwenye paneli ya undani inayofunguka kazi inapoguswa. Vitufe vya kuhariri na kufuta vilivyokuwa vikichomoza pembeni mwa mstari visihamishwe kama vilivyo, kwani vikionekana kwenye kila mstari kwa wakati mmoja vitaifanya orodha isisomeke.

Menyu ya mbofyo wa kulia kwa kawaida huhamia kwenye kubonyeza na kushikilia. Hilo ni sawa, mradi lisiwe ndiyo njia pekee. Kubonyeza na kushikilia hakuna alama inayokutangaza, na mtumiaji asiyejua kwamba kupo anaweza kuitumia programu kwa muda mrefu bila kukugundua. Hivyo weka pia kitufe cha vitone vitatu ndani ya paneli ya undani kinachofungua menyu ileile. Muda wa kushikilia uachwe kama mfumo ulivyouweka, ambao kwenye iOS ni nusu sekunde. Ukiupunguza sana, mtu anayetua kidole kabla ya kusogeza orodha atajikuta amefungua menyu asiyoitaka.

Suala la kuchagua kazi nyingi linastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa hapa programu za kupangia kazi zina tatizo ambalo programu za picha au za barua hazina. Kwenye kompyuta, mtu hushika Ctrl na kubofya mistari anayoitaka. Kwenye kishikwambi, suluhisho la kawaida ni kitufe cha “Chagua” kinachobadilisha hali ya orodha na kuweka kisanduku kwenye kila mstari. Lakini mstari wa kazi tayari una kisanduku chake, kile cha kuitia alama ya kukamilika, na mtumiaji anayeona visanduku viwili, au kisanduku kilekile chenye maana mbili, atakamilisha kazi alizokusudia kuzihamisha. Njia inayofanya kazi ni kutofautisha vitu hivi kwa umbo, kwa mahali na kwa mandhari: alama ya kukamilika iwe duara lililo upande wa kushoto, na hali ya kuchagua inapowashwa maduara hayo yaondoke kabisa, mstari mzima uwe eneo la kugusa, mistari iliyochaguliwa ibadilike rangi, na upau wa matendo utokee chini ukionyesha idadi ya kazi zilizochaguliwa. Kitufe cha kutoka katika hali hiyo kionekane muda wote.

Ukubwa wa vitu na msongamano wa orodha

Vipimo vimekwisha kuwekwa na hakuna haja ya kuvibuni upya. Apple inapendekeza eneo la kugusa lisilopungua pointi 44 kwa 44. Google, katika Material, mwongozo wake wa usanifu, inapendekeza dp 48 kwa 48 na nafasi ya dp 8 kati ya eneo na eneo. Kwa kuwa dp moja ni sehemu moja ya 160 ya inchi, dp 48 ni takriban milimita 7.6. Viwango vya ufikivu vya WCAG 2.2, vilivyotolewa Oktoba 2023, vinataka angalau pikseli 24 kwa 24 za CSS (lugha ya kupangia sura ya kurasa za wavuti) katika ngazi ya AA, na 44 kwa 44 katika ngazi ya AAA. Kile cha 24 kichukuliwe kama sakafu wala si lengo la usanifu.

Eneo la kugusa si lazima lilingane na mchoro. Duara la kukamilisha linaweza kuchorwa kwa pointi 22 huku likipokea mguso ndani ya mraba wa pointi 44, na hivyo orodha ikabaki na sura nyepesi. Kinachopaswa kuepukwa ni maeneo mawili madogo kusongamana. Mfano mbaya zaidi katika programu za aina hii ni pembetatu ya kufungua kazi ndogondogo inayokaa bega kwa bega na duara la kukamilisha: anayetaka kufungua hukamilisha, na kazi hutoweka machoni pake kabla hajajua kilichotokea. Ihamishie pembetatu upande wa kulia wa mstari.

Gharama ya ukubwa huu ni idadi ya mistari. Kwenye skrini yenye kimo cha pointi 768, ukiondoa takriban 100 kwa ajili ya pau za juu na chini, mistari ya pointi 48 haizidi 13, ilhali programu ya mezani yenye mistari ya pikseli 22 ingeonyesha zaidi ya mara mbili ya hapo katika nafasi ileile. Kishawishi ni kubana mistari. Ni afadhali kuyagawa yaliyomo: panga kazi kwa makundi yanayokunjika, kama “Zilizochelewa”, “Leo”, “Wiki hii” na “Baadaye”, na uache makundi ya mbali yakiwa yamekunjwa. Mtu hahitaji kuona kazi 40 kwa mara moja. Anahitaji kuona zile zinazomhusu sasa na kujua kwamba nyingine zipo. Kwa wanaosisitiza kubana, weka chaguo la msongamano katika mipangilio, lakini lisishuke chini ya pointi 44.

Miti ya kazi ndani ya kazi nayo huumia. Ujongezaji wa pointi 20 kwa kila ngazi si kitu kwenye skrini pana, ila katika nusu ya skrini ya kishikwambi ngazi tano hula pointi 100 na majina ya kazi huanza kukatwa. Kuanzia ngazi ya tatu, ni bora kugusa kazi mama kuifungue kama orodha yake yenyewe, huku njia ya kurudi ikionyeshwa juu.

Paneli, upana na mzunguko wa skrini

Programu nyingi za mezani zina paneli tatu: miradi kushoto, orodha ya kazi katikati, undani wa kazi kulia. Uamuzi wa paneli ngapi zionekane ufuate upana wa dirisha na usifuate jina la kifaa. Tangu iOS 9 ya mwaka 2015 iPad imeweza kuonyesha programu mbili kando kwa kando, na Android nayo ina mgawanyo wa skrini, hivyo programu yako inaweza kujikuta katika nafasi nyembamba kama ya simu hata kwenye kishikwambi kikubwa. Madaraja ya upana wa dirisha ya Android ni mwongozo mzuri hata kwa wasiotumia Android: chini ya dp 600 onyesha paneli moja tu, kati ya 600 na 840 onyesha orodha, na undani uje juu yake kutoka pembeni, kuanzia 840 onyesha orodha na undani kwa pamoja, huku miradi ikikaa kwenye droo inayofunguka kwa kitufe.

Kifaa kinapozungushwa kutoka wima kwenda mlalo, vitu vitatu visipotee: kazi iliyokuwa imefunguliwa, mahali orodha ilipokuwa imefikia, na maandishi ambayo mtu hajamaliza kuyaandika. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika zaidi na ndicho kinachokera zaidi.

Visanduku vya mazungumzo vinavyoifunika skrini nzima kwa ajili ya kubadilisha tarehe viondolewe. Paneli ya undani inaweza kubeba yote hayo, na mtumiaji akaendelea kuiona orodha yake. Kitufe cha kuongeza kazi kikae chini upande wa kulia, karibu na dole gumba la mtu anayekishika kishikwambi kwa mikono miwili, na mipangilio imruhusu anayetumia mkono wa kushoto kukihamisha.

Kuburuta na kutelezesha

Kwenye kipanya, kusogeza orodha na kuburuta kazi ni matendo mawili tofauti, moja la gurudumu na jingine la kitufe. Kwenye mguso, yote mawili huanza kwa kidole kutua na kusogea. Programu inalazimika kubahatisha nia, na ikibahatisha vibaya mtumiaji atavuruga mpangilio wa kazi zake kila anaposogeza orodha. Chagua moja kati ya njia mbili: ama kila mstari uwe na mshikio wake, vistari viwili au vitatu vya mlalo, ambao ndio pekee unaoanzisha kuburuta, ama kazi inyanyuke baada ya kubonyezwa na kushikiliwa. Ya kwanza ni ya wazi zaidi, na ikiwa kubonyeza na kushikilia tayari kunafungua menyu, basi ndiyo inayobaki.

Kazi ikishanyanyuka, ichorwe juu kidogo ya kidole, kwani kidole hufunika kile hasa mtu anachotaka kukiona. Onyesha pengo mahali itakapotua, na orodha ijisogeze yenyewe kidole kinapokaribia ukingo wa juu au wa chini. Kisha, bila kujali uzuri wa kuburuta kwako, weka amri ya “Hamishia” katika menyu. WCAG 2.2 inadai kwamba jambo linalofanyika kwa kuburuta liwe pia na njia isiyohitaji kuburuta, na hata bila sharti hilo, kuihamisha kazi kutoka nafasi ya 3 hadi ya 70 kwa kidole ni adhabu.

Wanaotumia teknolojia ya wavuti wajue kwamba matukio ya zamani ya kuburuta ya HTML yalibuniwa kwa ajili ya kipanya na hayategemeki kwenye mguso. Tumia Pointer Events, ambayo hushughulikia kipanya, kidole na kalamu kwa msimbo mmoja. Weka `touch-action: pan-y` kwenye mistari inayotelezeshwa kando, ili kivinjari kiendelee kusogeza orodha kwa wima na wewe ushughulikie mlalo, kwenye mshikio weka `touch-action: none`. Usisahau kusikiliza `pointercancel`, tukio linalotokea mfumo unapouchukua mguso katikati ya safari. Usipolishughulikia, kazi itabaki ikining'inia hewani.

Kutelezesha mstari kulia au kushoto ni njia ya mkato yenye manufaa, na inatosha kuwa na tendo moja kwa kila upande: kulia kukamilisha, kushoto kuahirisha. Kufuta kusiwekwe hapo. Kila tendo la kutelezesha lifuatwe na ujumbe mfupi chini ya skrini wenye kitufe cha “Tendua” utakaokaa kati ya sekunde 4 na 10. Ujumbe huo ni bora kuliko swali la “Je, una uhakika?”, ambalo watu huzoea kulijibu bila kulisoma. Angalia pia kingo za skrini: tangu Android 10 ya mwaka 2019, anayetumia usogezaji wa ishara hutelezesha kutoka ukingo wa kushoto au wa kulia ili kurudi nyuma, na programu inayoshindana na mfumo mahali hapo hushindwa.

Kuandika

Kibodi ya skrini kifaa kikiwa mlalo huchukua karibu nusu ya nafasi. Sehemu ya kuongeza kazi kwa haraka ikae juu ya kibodi hiyo moja kwa moja, na kitufe cha kuingiza (Enter) kihifadhi kazi huku kikiiacha sehemu wazi kwa kazi inayofuata, kwa sababu watu huja na mambo matano kichwani na si moja. Juu ya sehemu hiyo weka vitufe vya “Leo”, “Kesho”, “Wiki ijayo” na “Chagua tarehe”. Vitaondoa haja ya kalenda katika hali nyingi. Mtu anapofungua undani wa kazi, usiifungue kibodi kwa niaba yake. Mara nyingi amekuja kusoma.

Wapo wanaounganisha kibodi halisi na hata kipanya kwenye kishikwambi. Mikato yote ya kibodi ya programu ya mezani ibaki hai. Kwenye iPad, mtu akishikilia kitufe cha Command huonyeshwa orodha ya mikato ambayo programu imeisajili. Kwa sababu hiyohiyo, usiamue mara moja tu kwamba kifaa ni cha mguso. Maswali ya CSS kuhusu kifaa (media queries), kama `pointer: coarse` na `hover: none`, hueleza kifaa kikuu cha kuelekezea, na jibu lake linaweza kubadilika mtumiaji anapounganisha kipanya.

Kuhifadhi, kusawazisha na kukumbusha

Kitufe cha “Hifadhi” hakina nafasi hapa. Mfumo wa kishikwambi unaweza kuizima programu iliyo nyuma wakati wowote ili kupata kumbukumbu, kwa hiyo kila badiliko liandikwe kwenye hifadhidata ya kifaa papo hapo, na mtandao ushughulikiwe baadaye.

Kwa kuwa mtumiaji sasa ana vifaa viwili, migongano haiepukiki. Kila kazi ipewe kitambulisho cha UUID, yaani namba ndefu isiyojirudia, kinachotengenezwa kwenye kifaa chenyewe, ili kazi zilizoundwa bila mtandao zisigongane. Linganisha mabadiliko kwa kila sehemu ya kazi na si kwa kazi nzima: aliyebadilisha jina kwenye kompyuta na tarehe kwenye kishikwambi anastahili kupata yote mawili. Kazi iliyofutwa iachiwe alama ya kufutwa, la sivyo kifaa kilichokuwa nje ya mtandao kitaifufua. Mpangilio wa orodha uhifadhiwe kwa namba ya nafasi iliyo kati ya majirani wawili, kama 2.5 kati ya 2 na 3, badala ya kuhesabu upya orodha nzima kila kazi moja inapohama. Kazi zinazojirudia nazo zina mtego wake: ikikamilishwa kwenye vifaa vyote viwili kabla havijawasiliana, nakala mbili za kazi inayofuata huzaliwa. Dawa ni kutengeneza kitambulisho cha tukio linalofuata kutokana na kazi mama pamoja na tarehe yake, ili nakala zote mbili ziwe kitu kimoja.

Vikumbusho vilivyotegemea programu kuwa wazi vikabidhiwe kwa mfumo. iOS huhifadhi arifa zisizozidi 64 zinazosubiri kwa kila programu, hivyo panga zile za karibu kwanza na ujaze nyingine kila programu inapofunguliwa.

Kujaribu, na nini kitoke kwanza

Kiigizaji kilicho kwenye kompyuta kinafaa kukagua upana wa paneli na si zaidi. Kielekezi chake ni cha pikseli moja na hakifuniki kitu. Jaribu kwenye kifaa halisi, ukiwa umesimama na umekishika kwa mkono mmoja, kisha kikiwa mapajani. Tumia data inayofanana na ya kweli, yaani mamia ya kazi, majina marefu yanayovuka mistari miwili, na miradi isiyo na kazi hata moja. Kuza maandishi katika mipangilio ya mfumo hadi mwisho uone kinachokatika. Washa TalkBack ya Android au VoiceOver ya Apple, visomaji vya skrini kwa wasioona, na uhakikishe kwamba matendo ya kutelezesha yanasomwa kama matendo yanayoweza kuchaguliwa. Ikiwezekana, na kwa idhini ya watumiaji, rekodi ni matendo yapi yanatenduliwa mara nyingi. Kitufe cha “Tendua” kinachoguswa mara kwa mara baada ya tendo fulani kinaonyesha mahali ambapo vidole vinakosea.

Toleo la kwanza lionyeshe orodha, liongeze kazi, lizikamilishe na lisawazishe bila kupoteza chochote. La pili lilete tarehe, vikumbusho na kuchagua nyingi. Kuburuta kuje mwisho: ndiko kunakochukua muda mrefu zaidi kukutengeneza vizuri, na hadi wakati huo amri ya “Hamishia” itakuwa ikifanya kazi hiyo.